Sheki mbili kwa siku na vidonge vya kisukari: anza na vidonge

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Masasi, nauza korosho za kukaanga jirani na stendi. Nina kilo 98 na urefu wa sentimita 160. Kisukari kiligundulika miaka 3 iliyopita, nameza metformin na glibenclamide. Presha nayo ninayo, nameza amlodipine na kile kidonge cha kukojosha. Kuna dada ananiuzia unga wa sheki: nakunywa asubuhi na mchana, jioni nakula chakula. Kopo moja shilingi 140,000, linaisha kwa wiki mbili. Jirani yangu ametumia wiki moja akapungua kilo 4. Muuzaji anasema sheki inatoa sumu mwilini na niache vidonge kwa sababu ndivyo vinavyoninenepesha. Wengine wananiambia figo zitakufa. Hela ya msimu imeingia, nataka kununua makopo ya miezi 3. Je, inafanya kazi kweli? Uzito hautarudi? Au nitumie uji wa lishe badala yake, maana huo ninao? Na binti yangu wa kidato cha tatu naye kanenepa, tunywe wote?"

Marahaba, dada yangu. Maswali yako ni mengi na yote nitayajibu, ila nitayapanga ninavyotaka mimi. La vidonge ulilitaja katikati kama jambo dogo. Mimi naliweka mbele, kwa sababu hilo linaweza kukulaza wodini kabla kopo la kwanza halijafika nusu.

Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Leo unameza asubuhi, unashushia na chai na chapati mbili, insulini inakuta kazi ya kufanya. Siku utakayoweka sheki ndogo mahali pa chapati, kidonge hakitajua kwamba umebadilisha mlo. Kitasukuma vilevile, na sukari itashuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, kuongea maneno yasiyoeleweka, na ikizidi unazimia. Tena dawa hii inakaa mwilini saa nyingi. Unaweza kunywa soda ukapata nafuu saa nane mchana, kisha sukari ikaanguka tena usiku umelala. Metformin ikiwa peke yake haina tabia hiyo.

Cha kukojosha kina lake. Mtu akipunguza sana wanga, siku za mwanzo mwili wenyewe humwaga maji na chumvi nyingi kwa mkojo. Ukiongezea kidonge juu yake, presha inashuka, unainuka kitini pale stendi na dunia inazunguka.

Sasa yule dada anayekuuzia amekuambia uache vidonge, na hapo pana nusu ya ukweli, jambo linaloufanya ushauri wake uwe mbaya zaidi. Uingereza, huko Scotland na eneo la Tyneside, ulifanyika utafiti unaoitwa DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakatoka 2017. Walichukua watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili, ambao hawajazidisha miaka 6 tangu wagundulike, wakawapa supu na sheki tupu, takriban kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Dawa za kisukari na za presha walizisimamisha siku ileile ya kuanza. Lakini waliozisimamisha ni wahudumu wa kliniki, waliokuwa wanawapima presha na sukari mara kwa mara na kurudisha dawa pale vipimo vilipopanda. Wewe unaambiwa uache na mtu asiye na hata mashine ya presha. Na hoja yake kwamba vidonge ndivyo vinavyokunenepesha ina msingi mdogo mno. Kweli glibenclamide inaweza kumwongezea mtu kilo chache, hilo daktari wako analijua na mnaweza kulizungumza, ila haikukufikisha 98.

Basi jibu la kwanza ni hili: usiguse kopo, na usiache kidonge, mpaka uwe umekaa na daktari wa kliniki ya kisukari unakochukulia dawa. Mwambie, "nataka kupunguza mlo kwa kiasi hiki, kuanzia tarehe hii." Yeye ndiye atakayeamua kama glibenclamide ipunguzwe au isimame, na cha kukojosha kifanywe nini. Nenda na kopo lenyewe mkononi ili asome maandishi. Na kama huna glukomita, ile mashine ndogo ya kupimia sukari, nyumbani, sehemu ya hela ya msimu ingeanzia hapo.

Inafanya kazi? Ndiyo, inafanya kazi, na mtu akikuambia sheki ni utapeli mtupu hajafuatilia. Katika utafiti huo wa DiRECT, waliotumia walikuwa wamepungua wastani wa kilo 10 mwaka ulipotimia, wakati wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida walipungua kilo 1. Karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa wale waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86. Hayo si matokeo madogo kwa ugonjwa tuliozoea kuambiwa ni wa maisha. Uwiano wako wa uzito na urefu, ile BMI, ni kama 38, na kisukari chako ni cha miaka 3. Mtu wa namna yako ndiye hasa walikuwa wanamlenga.

Lakini kinachofanya kazi si dawa iliyofichwa kwenye unga. Mwili wako, kwa uzito na shughuli zako, unatumia takriban kilokalori 2,200 kwa siku. Sheki mbili za 220 kila moja pamoja na mlo wa jioni wa 600 zinakupa 1,040. Pengo lililobaki mwili unalijaza kwa kuchoma mafuta uliyoweka akiba, na yanayoanza kupungua mapema ni yale yaliyojaa kwenye ini, ya kwenye kongosho hufuata, ndiyo maana sukari inatulia hata kabla nguo hazijalegea sana. Kuna na faida ya pili ambayo watu hawaitaji: sheki inakuondolea maamuzi. Huulizi leo nile nini, nipakue kiasi gani, niongeze kidogo au basi. Kipimo ni kijiko kilekile kila siku. Kwa mtu anayeshinda stendi katikati ya maandazi, mihogo ya kukaanga na soda za baridi, kupunguziwa maamuzi mara mbili kwa siku ni msaada mkubwa.

Hakuna sumu inayotoka. Ini na figo zako zinafanya kazi ya kusafisha usiku na mchana bila kopo. Kilo 4 za jirani yako kwa wiki moja nazo tuzitazame vizuri. Ini na misuli huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga huo imeshikilia kama gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba hiyo inaisha na maji yanatoka nayo, mizani inashuka kwa fujo. Mafuta hayaendi kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo hata ukiwa na pengo la 1,100 kila siku bila kukosa, hesabu inakupa kilo moja kwa wiki. Jirani atakapoona wiki ya tatu amepungua nusu kilo tu, asidhani sheki imemzoea. Huko ndiko anaanza kupungua mafuta. Na siku akila wali wa harusi, kilo 2 zitarudi kwa usiku mmoja, nazo vilevile ni maji.

Kuhusu figo: kwa figo nzima, protini iliyomo kwenye sheki mbili haina shida, ni kiasi ambacho ungekipata kwa samaki na maharage. Hatari ipo kwa figo ambazo tayari zimeumia, na mtu mwenye kisukari na presha pamoja anaweza kuwa nazo bila dalili yoyote. Ndiyo maana kabla ya kuanza omba kipimo cha kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Kama ulipimwa mwaka huu, vizuri, peleka majibu.

Sasa kopo lenyewe. Sijui ni la kampuni gani, na sihitaji kujua, geuza nyuma usome. Unga wa kweli wa kubadilisha mlo huandikwa wazi una kilokalori ngapi kwa mlo mmoja, kwa kawaida kati ya 200 na 400, una protini ya kutosha, gramu 15 hadi 20 au zaidi, na orodha ndefu ya vitamini na madini. Kama umeandikwa protini gramu 5 na sukari ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya viungo, hicho ni kinywaji kitamu cha bei kali. Kama hauna maelezo yoyote, au kopo limebandikwa karatasi ya kuchapa dukani, uache. Angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndio wanaosimamia vyakula vilivyofungashwa. Miaka ya 1970 huko Marekani makumi ya watu walikufa ghafla kwa moyo baada ya kuishi kwa miezi kwa kinywaji cha protini duni pekee, kisicho na virutubisho kamili. Sheki za leo zilizotengenezwa vizuri zilirekebisha kasoro hiyo. Zile za kuchanganywa vichochoroni hazina anayezihakiki.

Zaidi ya sheki, huwa wanakuongezea "chai ya kupunguza tumbo" au vidonge vya zawadi. Hivyo vikatae bila kuona haya. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimekutwa duniani na sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo, na haikuwa imeandikwa kwenye pakiti. Nyingine ni dawa za kuharisha tu. Wewe una presha tayari.

Uji wa lishe: hapana, dada. Nakuelewa, upo nyumbani, una jina zuri, na ni wa kunywa kama sheki. Ila uji ule tunaufundisha kliniki ili mtoto aongezeke uzito. Ni mahindi, mchele, ulezi na karanga kidogo, maana yake wanga mwingi na protini chache. Kikombe cha gramu 50 za unga, ukiweka sukari vijiko viwili, kinakaribia kilokalori 220 kama sheki, lakini protini ni kama gramu 5, unapita kooni haraka, sukari ya damu inapanda, na saa mbili baadaye njaa imekushika.

Kama unataka kipimo cha sheki bila kopo, kipo sokoni Masasi. Mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya mtindi usiotiwa sukari: kilokalori 300 hivi, protini gramu 20. Kula pamoja na kachumbari isiyo na mafuta. Siku mayai yamepanda bei, bakuli moja la kunde au choroko zilizochemshwa bila nazi, na dagaa konzi moja juu yake. Ule kitu hichohicho, saa ileile, kila siku, hata kikichosha. Kuchosha huko ndiko kunakoifanya sheki ifanye kazi, nawe unaweza kukupata kwa bei ya mayai. Kinachopotea ni vitamini zilizoongezwa na ule wepesi wa kukoroga na kunywa. Kwa mpango wa kubadilisha mlo mmoja au miwili naona hasara hiyo inavumilika. Kwa mpango wa kuishi kwa sheki tupu, ule wa kilokalori 800, haivumiliki: huo haufanyiki kwa mayai, wala haufanyiki nyumbani bila kliniki.

Nije kwenye hela, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mpango wako. Miezi 3 ni makopo 6, shilingi 840,000. Sikatai kwamba miezi hiyo unaweza kupungua kilo 8 au 10. Naogopa mwezi wa nne, kopo limeisha, hela ya korosho imekwenda kwenye ada na bati, nawe unarudi kwenye sahani ileile iliyokufikisha 98. Na mwili utakuwa unakusukuma urudi: ukipungua, homoni ya njaa inapanda, ile ya kushiba inashuka, na mwili mdogo unatumia nguvu chache kuliko ule wa zamani. Ukirudisha uzito hapo usijiite mvivu. Hata Uingereza, wakiwa na wahudumu wa kuwafuatilia, sehemu ya uzito ilirudi. Kwenye DiRECT wastani ulikuwa kilo 7.6 mwaka wa pili, na waliobaki bila kisukari walishuka kutoka asilimia 46 hadi 36. Utafiti mwingine wa Oxford, ulioitwa DROPLET, watu walipungua wastani wa kilo 10.7 kwa mwaka, na baada ya miaka 3 walikuwa wamebaki na kilo 6.2 pungufu. Mimi kilo 6 pungufu baada ya miaka 3 naziona ni nyingi. Ila hawakukatisha kopo siku moja. Walirudisha mlo mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo uzito ukianza kupanda walirudi kwenye sheki kwa muda mfupi.

Ningekuwa na hela yako, nisingenunua makopo sita. Ningenunua mawili, kama yamepita mtihani wa maandishi ya nyuma na daktari amekubali, nikatumia sheki moja tu mahali pa mlo ule unaonishinda zaidi, nikanyoosha hela iende mbali. Milo miwili iliyobaki ningeishughulikia sasa hivi, wakati sheki inanisaidia, badala ya kusubiri iishe. Ugali wa muhogo kwa mfano: ni wanga karibu mtupu, protini ni kidogo sana. Upunguze uwe saizi ya ngumi yako, samaki awe mkubwa, kisamvu kiwe kingi, tui la nazi liwe jepesi, si lile la kwanza zito. Chai isiwe na sukari. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, hiyo iwe ya kuokolea sukari ikishuka, si ya kiu.

Na korosho. Hukuziandika kwenye chakula, umeziandika kwenye kazi, lakini sijapata kukutana na muuza korosho asiyeonja. Konzi moja ndogo, gramu 30, ni kilokalori 170. Ukionja asubuhi wakati wa kuzifungasha, ukatafuna mchana mteja hayupo, ukamalizia vipande jioni, umekula 510, karibu nusu ya lile pengo lote tulilolihesabu limezibwa na hukukaa mezani. Korosho si chakula kibaya, ina protini na mafuta mazuri. Pima konzi yako moja asubuhi, ifunge kwenye mfuko wako, hiyo ndiyo ya siku. Vipande vilivyobaki viuze kwa bei ya chini.

Misuli nayo inaliwa wakati wa kupungua, si mafuta peke yake. Protini inasaidia kuilinda, na kazi ya kuinua vitu vizito inasaidia zaidi. Kuinuka kitini mara 10 bila kushika, mara tatu kwa siku, unaweza kufanya hapo hapo kwenye biashara.

Utakayoyaona njiani: choo kigumu, kichwa kuuma siku za kwanza, kuhisi baridi, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana. Maji na mboga za majani zinatosha kwa hayo. Nywele zinaweza kukatika mwezi wa pili au wa tatu, huota tena. Usisubiri kwa haya: maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, hasa yakienda na kutapika au macho ya manjano (kupungua haraka kunaweza kutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo), kuzimia, kifua kubana, sukari chini ya 4 (mmol/L) zaidi ya mara moja kwa wiki, kutapika siku nzima. Uko karibu na hospitali ya Mkomaindo, na ile ya Ndanda si mbali, nenda siku hiyohiyo. Na kama bado unaona hedhi, tumia uzazi wa mpango, kwa sababu baadhi ya wanawake wakipungua uzito, mayai yao ya uzazi huanza kupevuka upya, na mimba na sheki havikai pamoja. Kunyonyesha ni hivyohivyo.

Binti asinywe. Bado anakua, na mipango hii imepimwa zaidi kwa watu wazima. Akipunguziwa soda na maandazi ya shuleni pamoja na wewe atapata nafuu, na kama uzito wake unakutia wasiwasi mpeleke akapimwe, aangaliwe kwa chati ya umri wake, pasipo kumtaja mbele ya wageni kwamba kanenepa.